Kasi ya Bure

Kaka yangu Projestus,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute una nguvu, wewe na wifi na watoto, na Mama awe anakula japo kidogo. Wifi ameniambia kwamba tangu msiba anashika sahani mpaka chakula kinapoa. Mvua je, imenyesha huko Nyabiyonza?

Najua umeifungia namba yangu. Ndiyo maana naandika kwa mkono, nampa dada mmoja wa Rugera ninayesali naye huku, anakuja huko likizo. Naomba usome mpaka mwisho.

Unajua kazi yangu hapa Uingereza ni kumtunza bikizee, na naishi naye nyumbani kwake. Ni milimani, mtandao wa simu haufiki kabisa. Kila mliponiona kwenye video, ilikuwa ni kwa intaneti ya nyumba, inayoingia kwa waya.

Asubuhi moja kampuni ya intaneti ilipiga simu ya mezani. Bikizee hasikii vizuri, akaweka sauti ya nje. Kijana akasema, "Mama, tunakuongezea kasi bure kabisa. Huna haja ya kufanya lolote."

Nikauliza mimi, "Na ya zamani mtaizima lini?"

"Haizimwi mpaka mpya iwake, dada. Ondoa wasiwasi."

Bikizee akanitazama akitabasamu. "Sasa utamwona baba yako vizuri," akaniambia. Akasema ndiyo.

Kesho yake ya zamani ikazimwa, na mpya haikuwaka. Hata simu ya mezani ilikufa, maana ilipita kwenye waya huo huo. Nilidhani ni jambo la siku moja mbili. Kumwacha bikizee peke yake siwezi, mpaka Jumapili binti yake anapokuja ndipo napumzika. Na Tata tuliagana akiwa mzima. Mara ya mwisho alinizungusha kibanja kizima na simu yako mkononi, akinionyesha kahawa zilivyobeba, kidole chake kimeziba nusu ya picha. Nikawa namcheka. Ningejuaje, kaka?

Jumapili nilishuka mjini kwa basi. Simu iliposhika mtandao ikaanza kulia, haikomi. Nilikuwa nimesimama nje ya duka la mikate. Nikaona ulivyonipigia na kunipigia. Kisha sauti ya Tata, imekwisha nguvu: "Adventina, mbona hupokei? Mimi nakungoja." Kisha ujumbe wako kwamba mmeshamzika. Kisha ule wa mwisho: "Kama kazi ya Wazungu ni kubwa kuliko baba, baki nayo."

Niliketi chini pale pale. Mama mmoja asiyenijua alinishikia mkoba.

Nilipoweza kusema nikaipigia kampuni. Mwanamke aliyepokea akasema waya mpya bado haujafika upande wetu. Nikamwomba aturudishie ya zamani.

"Haiwezekani," akasema. "Mkataba wa zamani ulifungwa mteja alipokubali. Sasa mna mkataba mpya wa miaka miwili."

Nikamwambia baba yangu amekufa akiniita. "Pole sana," akasema. "Kuna kingine ninachoweza kukusaidia?"

Nikakata.

Bikizee nilipomweleza alilia mpaka nikaogopa. "Mimi ndiye niliyesema ndiyo," akawa anarudia. Nimemwambia mwenye kosa ni aliyetudanganya, lakini hata baada ya simu ya mezani kurudi, ikilia haipokei.

Mafundi walikuja hatimaye. Intaneti ina kasi kweli, kaka. Wifi alinitumia picha ya kaburi, ikafunguka papo hapo, nikaona mpaka alama za majembe kwenye udongo. Niliizima simu, nikaenda kumpikia bikizee uji.

Msalimie Mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Shangazi aliyekesha na Tata mwambie nimemshukuru, na katekista wetu aliyemsalia. Watoto waambie shangazi yao yupo.

Sikuombi uifungue namba yangu leo, moyo una wakati wake. Ila Mama akiuliza, usimwambie nilikuwa kazini. Mwambie Tata aliita, na sauti yake haikunifikia.

Ni mimi mdogo wako,
Adventina