Tawan Alikuwa Anazama Kweli

Noina, uko wapi?

Leo tulikuwa tunarekodi ile tamthilia yetu ya mafuriko, pale sisi tunaoigiza wanafunzi tunapokwama darasani. Ghafla Tawan akaanza kutapatapa majini. "Praewa! Mguu! Mguu umenasa!"

Hayo maneno hayamo kwenye skripti!!

Mwongozaji akapaza sauti, "Safi sana, kamera zisizimwe! Praewa, lia!"

Lia?! Mtu anazama, mimi naambiwa nilie!

Nikapiga mbizi. Mguu wake ulikuwa umebanwa na dawati. Nilivuta mpaka kucha zangu mbili zikang'oka, ndipo ukachomoka.

Unajua mwongozaji kaniambia nini? "Mdogo wangu, umeniharibia picha."

Tawan, huku anatapika maji, akamjibu, "Basi ingia wewe."

Tukavua sare za kuigizia, waigizaji wote kumi na wawili, tukaondoka.