Baba Mkwe Anataka Kutangaza Kwamba Uzi Alimzidi Rula

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Najua wengi wanaokuandikia huanza na kilio, mimi naomba nianze na shukrani, maana shida yangu imezaliwa na neema, na nisipoisema neema kwanza utaniona mwanamke asiyejua kushukuru.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa nyumbani, chumba cha mbele, na mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, nampata siku nne au tano kwa mwezi. Tunaishi na baba yake, mjane, mpima ardhi mstaafu, mtu aliyekuwa mkuu wa ofisi na hata nyumbani akabaki mkuu wa ofisi, akisema limesemwa. Nina miaka tisa katika nyumba hii, na ile minane ya kwanza sidhani kama tuliwahi kuzungumza maneno ishirini kwa siku moja, si kwamba alinichukia, hapana, hakuona tu kama mimi ni mtu wa kuzungumza naye, akitaka chai alikohoa nami nikajua ni chai, akikohoa mara mbili nikajua ni chai na sukari imepungua.

Mwaka jana mwanzoni alianguka bafuni akinyoa ndevu, kiharusi, mkono wa kulia ukalala na maneno yakamkimbia yote likabaki moja tu, "basi." Ukimuuliza ana njaa, "basi," ukimuuliza maumivu yako wapi, "basi," ukimwambia mwanao amepiga simu, anatazama ukuta, "basi." Mtaalamu wa matamshi hospitalini, dada mmoja mpole sana, alituambia, "Msimsemee. Mpeni sababu ya kusema." Tukajaribu, tukamwonyesha picha ya kikombe, picha ya paka, tukamhesabia siku za wiki, naye akageuza uso, kwa sababu mtu aliyepima nusu ya mji huu, leo anafundishwa kutaja paka, ile ni aibu, mshauri, hata mimi nilikuwa naona haya kwa niaba yake.

Nikawa namkalisha kwenye kiti karibu na cherehani ili nimwangalie huku nashona, na redio tunawasha isiwe kimya. Basi mchana mmoja kukawa na kipindi cha michezo, wasikilizaji wanapiga simu kubishana nani alikuwa kiungo bora wa pasi tangu ligi yetu ianze, na karibu wote wakamtaja mchezaji wa zamani aliyeitwa Rula, kwa sababu pasi zake zilinyooka. Nikaona Baba anagonga mkono wa kiti kwa vidole vya kushoto, anakubali. Mpigaji mmoja tu akamtaja mwingine, Uzi. Mimi mpira nilikuwa siujui, nilijua kuna goli na kuna kelele, lakini uzi naujua, ndio unaonilisha, nikasema tu ili nisikae kimya, "Mimi naona Uzi alikuwa zaidi."

Baba akanigeukia. Uso ukamvimba, shingo ikasimama mishipa, mdomo ukahangaika upande upande kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, halafu likatoka. "Mjinga!"

Nikaacha sketi ya mtoto wa watu chini ya sindano, nikapiga magoti mbele ya kile kiti, nikamwambia, "Sema tena, Baba. Nitukane tena." Akasema tena. Tulilia wote wawili.

Tangu siku ile nikawa mtu wa Uzi. Kila mchana nilikaa kwenye mashine nikamchokoza, nikaenda kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anayehifadhi magazeti ya zamani ya michezo, akanisimulia yote anayoyajua, nikatazama na video chakavu kwenye simu, zile za wachezaji wenye kaptula fupi, ili kesho yake niwe na la kumjibu. Baba kwanza alijibu kwa neno, kisha maneno mawili, "Uzi mfupi!" kisha akaanza kunichorea viwanja kwa mkono wa kushoto, mstari wa pasi ya Rula unatoka huku unapita juu ya vichwa vya watu sita unatua kule, "Mita... arobaini. Mguuni!" Mimi nikamwambia pasi ya mita arobaini watu wanampigia makofi aliyeipiga, lakini ya Uzi ilikuwa ya mita sita, na aliyeipokea ndiye aliyeonekana fundi, na huo ndio ukubwa, kumfanya mwenzako aonekane. Akafuta mstari wake, akachora mwingine mfupi. Siku nyingine nikamwambia, "Na wewe, Baba, pembe zako zote kazini ulizipima kwa kipimo gani, si kwa nyuzi, nyuzi tisini, nyuzi sitini?" Mshauri, baba mkwe wangu alicheka mpaka nikaogopa ataanguka kitini. Miaka yote ile sikuwa najua ana pengo la jino upande wa kushoto.

Leo anazungumza. Polepole, lakini sentensi nzima. Ananiita "mwanangu." Nikitoka sokoni ananiuliza nimechelewa nini. Kwa haya yote namshukuru Mungu, na yule dada wa hospitali, na fundi viatu, na hao wachezaji wawili ambao hawajui kwamba kuna nyumba wameijenga.

Sasa shida. Jumapili ijayo anatimiza miaka sabini, na wazee waliofanya naye kazi wanakuja, na yeye ameandaa hotuba, ya kwanza tangu augue, anaifanyia mazoezi kila asubuhi mbele ya kioo, nami jikoni nasikia kila neno. Anasema amekuwa mtu wa Rula kwa miaka arobaini na tano, amegombana na watu kwa ajili ya Rula, na leo anakiri mbele ya wenzake kwamba alikosea, Uzi alimzidi, na aliyemfungua macho ni mkwe wake. Na mimi, mshauri, sikuwahi kuwa na upande! Nilitaja jina nililolisikia dakika mbili kabla. Na kibaya zaidi, kwa kuzitazama zile video na kusikiliza hoja zake mwaka mzima, nimehamia kwa Rula. Naona kweli Rula ndiye aliyekuwa mkubwa. Baba kanigeuza mimi, mimi nikamgeuza yeye, tumepishana mlangoni.

Nilimwambia mume wangu kwa simu, akasema, "Nyamaza, usiharibu." Wifi yangu alipojua akanijia juu, "Umemchezea baba yetu kama mtoto mdogo." Sina usingizi. Nikimwambia, naogopa ataona aibu atanyamaza tena, na safari hii asirudi. Nisipomwambia, atasimama mbele ya watu aliowaheshimu maisha yake yote aikane imani yake kwa uongo wangu. Nifanye nini? Naomba unijibu kabla ya Jumapili.

Mimi, fundi cherehani


MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, kwanza futa machozi, usije ukalowesha sare za watoto wa watu. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwasomea wenzangu ofisini, na kazi ilisimama kwa saa nzima kwa sababu mhariri wetu ni mtu wa Rula na mpigapicha ni mtu wa Uzi. Hilo tuliache.

Nakupa pole, na nakupa hongera, halafu nakugombeza.

Hongera, kwa sababu wengi wanaouguza wazee huwalisha, huwaogesha, huwafunika shuka, na hawakumbuki kwamba mzee ana akili inayotaka mahali pa kwenda. Wewe ulikumbuka. Wifi yako mwambie nimesema hivi: mtoto mdogo hubembelezwa, habishiwi. Kama anaona baba yake alichezewa, na aje naye akae kando ya kile kiti mwaka mzima, kisha tuzungumze.

Sasa nakugombeza. Umejipa sifa isiyo yako. Unadhani uongo wako ndio uliomrudishia baba sauti, kwa hiyo ukiuondoa sauti itaondoka nao. Sivyo! Wewe ulifungua mlango. Aliyeyabeba maneno moja moja akayatoa nje ni yeye, kwa ulimi wake, kwa jasho lake. Kitu alichokifanyia kazi hivyo hakiondoki kwa sababu mkwe wake kasema "samahani."

La pili. Mtu anayesimama mbele ya wenzake kutoa ushahidi ana haki ya kujua ushahidi huo umetoka wapi. Baba yako alikuwa mpima ardhi. Umewahi kumwona mpima anayekubali kuweka jiwe la mpaka mahali ambapo hakupima? Mume wako anasema nyamaza. Mume wako yuko barabarani siku ishirini na tano kwa mwezi, utakayeendelea kutazamana naye mezani ni wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Jumamosi, mwambie kesho. Mwambie mchana, pale pale kwenye mashine, mkiwa wawili. Usipige magoti wala usilie, maana ukilia ataacha kukusikiliza aanze kukubembeleza. Mweleze ya siku ya kwanza, kwamba hukuwa na upande. Mweleze kwamba sasa unao, na ni wa Rula, na aliyekupeleka huko ni yeye. Halafu ufunge mdomo. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Akinyamaza siku moja, usimkimbize hospitali. Chai mpelekee kama kawaida. Na hotuba usiiguse, ni yake, ataisema au ataichana mwenyewe.

Na jambo moja la mwisho, hili naliagiza, sikushauri. Katika barua yako yote umemshukuru kila mtu mpaka fundi viatu. Baba mwenyewe je? Amekuita mwanangu baada ya miaka minane ya kukohoa. Mshukuru kwa mdomo, asikie.


BARUA YA PILI, ILIYOTUFIKIA WIKI HII

Mshauri wangu, shikamoo tena. Nilimwambia Alhamisi mchana, nikiwa napiga pasi shati lake la Jumapili, nikaona afadhali mikono iwe na kazi. Nilimwambia yote, na asante nikamwambia, ile uliyoniagiza, wala sikulia. Aliniuliza swali moja tu, "Tangu siku ya kwanza?" Nikasema, "Tangu siku ya kwanza, Baba." Akainuka kwa fimbo yake akaenda chumbani.

Alhamisi hakusema kitu. Ijumaa asubuhi sikumsikia mbele ya kioo. Nikampelekea chai, akapokea, kimya. Mshauri, niliichukua simu mara tatu nimpigie yule dada wa matamshi, mara tatu nikaiweka, nikakumbuka ulichosema. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja.

Ijumaa alasiri akaja akakaa kwenye kiti chake, akaniambia nizime redio. Akasema, polepole sana, nami sikumsaidia hata neno moja: "Nimefikiri. Ofisini nilikuwa mkubwa, hakuna aliyenijibu. Hapa ndani, marehemu mke wangu hakunijibu. Watoto waliniogopa. Nimefika uzee sijawahi kujibiwa." Akapumzika. "Wewe ulinijibu. Kwa uongo, lakini ulinijibu. Asante."

Nikamwambia, "Basi rudi kwa Rula, Baba, mimi nipo huko."

"Sirudi," akasema. "Nimeshapima. Ni Uzi. Wewe ndiye umepotea."

Jumapili walikuja wazee saba. Nikuambie ukweli, walikuwa wakija pia wakati ule wa ugonjwa, wanakaa wamemzunguka, wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa chake kwa sauti ya chini, kisha wanaaga. Safari hii mume wangu alikuwepo, wifi naye alikuja na keki, na Baba alisimama ameshika mgongo wa kiti. Akasema Uzi alikuwa kiungo mkubwa kuliko Rula. Akasema mkwe wake, huyo hapo mlangoni, ndiye aliyemwonyesha, na kwamba mkwe mwenyewe sasa amekengeuka, amekwenda kwa Rula, wamsamehe kwa kuwa bado kijana. Alikuwa na ukurasa mmoja na nusu uliobaki.

Hakuumaliza. Mzee mmoja, aliyekuwa mchora ramani wake, akapiga meza, "Uzi? Uzi gani! Kaa chini, bwana mkubwa, mpira huujui!" Mwingine akasema Uzi hakuwahi hata kupiga pasi ya kuvuka barabara. Baba akainua mkono wa kushoto aendelee, wakamfunika kwa kelele. Akajaribu tena, wakamkatiza tena. Wifi yangu akataka kuinuka awanyamazishe, akasema baba anachoka, nami nikamshika mkono nikamwambia, "Wifi, mwangalie usoni."

Akamwangalia, akakaa. Walimkatiza mara nne, mshauri, nilihesabu, na kila mara alirudi kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu watu wazima saba walikuwa wamesahau kabisa kwamba huyu ni mgonjwa.