Kadi Iliyoliwa na Mchwa

Isingiro, Karagwe
Julai 1955

Dada yangu mpendwa Deodatha,

Shikamoo. Kashaija wangu sasa hivi amesimama mlangoni akamwita babu yake kwa jina, "Rwegoshora, njoo ule," kama anaita mbuzi. Baba mkwe yuko migombani anapalilia. Jembe limesimama. Nami nimekimbilia ndani, nimeshika kalamu. Tu wazima, Mungu asifiwe. Shemeji yako Cassian bado yuko Bukoba kwa kazi yake ya useremala. Na nyinyi hapo Bweranyange? Kifua cha mama kimepoa?

Jina hilo mtoto amelipata kwangu. Ngoja nikueleze.

Jumamosi chama chetu cha kahawa kilichagua mwenyekiti. Mwaka jana watu wa mchuuzi mmoja wa Nkwenda, wasio na hata mbuni mmoja, waliingia wakanyoosha mikono, wakatuwekea mwenyekiti aliyetupunja kwenye mizani msimu mzima. Baba mkwe ndiye aliyesimama kikaoni akasema safari hii kila mtu aonyeshe kadi ya chama mlangoni. Na kama kadi imeharibika, mtu wa nyumbani kwake ndiye amtaje jina, maana mtu yeyote aweza kujipa jina la jirani. Wengi walinuna. Mimi nilimpenda kwa neno lile.

Siku yenyewe nilimfuata nimembebea kigoda. Pale mlangoni akafungua kitambaa alichofungia kadi, kumbe mchwa wamekula upande wote wa jina. Watu wakamcheka, wakisema sheria yake imemng'ata. Akawajibu kwamba mbwa wake akimng'ata, angalau anajua ana meno. Karani Yustus, kijana wa Muleba, akamwambia apite tu, nani asiyemjua mzee. Akakataa. Akasema yeye akipita kwa uso, kesho mchuuzi naye atapita kwa uso. Basi karani akauliza ni nani wa nyumbani kwake yupo. Nilikuwa mimi tu, nimemshika Kashaija mkono.

Nawe wajua tulivyolelewa, mkamwana halitamki jina la baba mkwe mpaka kaburini. Alitazama chini, hakuniamuru, hakunikataza. Nikasema, "Ni Rwegoshora." Wanawake wakaziba midomo. Yeye akaingia akachagua, na Pastory tuliyemtaka akashinda. Tangu hapo hajanisemesha, hata kwa kumtuma mtoto kama ilivyo desturi yake. Chakula changu anakula, kisha anarudi migombani.

Sasa la moyoni, ambalo hata Cassian sijamwandikia. Sikuona aibu, dada. Jina lilinitoka kama la baba yetu mwenyewe, nikajivuna kulisema mbele za watu, na naogopa aliyaona hayo usoni pangu.

Msalimie shemeji na watoto, na mama mwambie kwamba, ngoja, naitwa kutoka migombani. Ni sauti yake, wala hamtumi mtoto. Ananiita mimi kwa jina, anasema Kemirembe mwanangu, Rwegoshora ameitwa kula, mbona chakula...