Yai Lililotagwa Rongai

Mpendwa Mayi,

Sitakuuliza kama u mzima. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwacheka watu wanaoandika swali hilo huku jibu wanalijua. Sisi tupo. Mume wangu, mwanao Wafula, bado anaunganisha mabehewa pale stesheni, na bado anarudi nyumbani akinuka mafuta ya gari moshi hata baada ya kuoga. Mjukuu wako Nekesa ameng'oka jino la mbele na anaongea kutwa, kuliko redio ya hoteli. Mimi nimekaa kwenye kigoda chako hapa mlangoni, Bondeni hii hii ya Nakuru, upepo wa ziwani unaleta lile vumbi jeupe la magadi, na nguo nilizofua asubuhi ni za kufua tena.

Kuna jambo limetokea jana asubuhi, na katika watu wote ni wewe ninayetaka kukuambia. Lakini ngoja kwanza nicheke na wewe kidogo, turudi pale ulipokuja.

Unakumbuka ulivyonikuta? Mke wa mjini, mikono kama vijiti vya kuotea moto. Nilipoolewa niliambiwa watu wa Nakuru wanaishi kwa chai na mkate, nami nikaamini, nikaona fahari kubwa. Kisha mimba ya kwanza ikatoka, na tangu hapo chakula kikawa adui yangu. Harufu ya ugali tu ilinifukuza chumbani. Mimba ya pili iliposhika, muuguzi wa kliniki akanifunua kope, akatikisa kichwa. Akasema damu yangu imekuwa maji. Nile maharagwe, mboga, samaki, na zaidi ya yote nile yai kila siku, la sivyo hata huyu hatafika.

Nikamwitikia ndiyo. Sikumwambia kwamba kwetu mwanamke hali kuku wala yai. Nilikuwa nimekuzwa nikijua kwamba mwenye mimba akila yai, mtoto atazaliwa bila nywele, au hatazaliwa kabisa. Nilikuwa nimempoteza mmoja, ningethubutu vipi? Nisipokula nampoteza, nikila nampoteza. Nikarudi nyumbani nikateleka chai.

Wafula akakuandikia, nawe ukaja kwa treni kutoka Bungoma, daraja la tatu, kikapu mapajani safari nzima. Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, na askari walikuwa wakipekua kila mtu pale stesheni, hata akina mama. Yule aliyefunua leso juu ya kikapu chako akakutana uso kwa uso na kuku mwekundu. Chini ya kuku palikuwa na yai.

"Mama, huyu kuku ako na tiketi?"

"Alipanda akiwa mmoja," ukamjibu. "Huyu wa pili amekuja hapo Rongai, gari likikunywa maji. Mwandikie tiketi wewe."

Askari alicheka mpaka bunduki ikamteleza begani. Tangu siku hiyo kuku akaitwa Rongai, na mpaka leo majirani hawajui kwa nini.

Mimi nilijua zawadi ya mama kwa mwanawe inavyokwenda. Kuku angechinjwa jioni hiyo, Wafula angekula firigisi, nami ningekunywa chai yangu pembeni. Ukasema, "Huyu hachinjwi," ukamfunga mguu kwenye kitanda. Kisha ukatazama kikombe changu.

"Hii ndio unakula?"

"Ndiyo, Mayi."

"Na jioni?"

Nikageuza kikombe mkononi. Hukunihubiria, na hilo sitalisahau. Uliuliza tu muuguzi alisema nini. Nikataja maharagwe, nikataja mboga, nikataja samaki, nikanyamaza. Ukangoja. Ulijua kungoja wewe! Mwishowe nikasema, "Na mayai," nikaanza kulia kama mtoto.

Ukainuka, ukachungulia nje, ukafunga mlango, ukatundika leso dirishani, maana nusu ya wapangaji wa plot ile ni watu wa kwetu na macho yao hayana likizo. Ukatia yai la Rongai kwenye sufuria ya chai. Nilidhani ni la Wafula akirudi zamu. Likaiva, ukalimenya kwa vidole vyako vilivyozoea moto, ukalitia chumvi, ukakaa chini.

"Mayi!" nikasema.

"Nyamaza. Mimi nimemaliza kuzaa. Nywele nazo zimebaki chache, zikitoka hakuna mtu atalia. Nikikula nisiamke kesho, utajua wazee walisema ukweli. Nikiamka, utakula."

"Na watu wakijua?"

"Mimi naitwa Nanjala," ukasema. "Nilizaliwa wakati wa njaa, nikapewa jina lake, nimelibeba mpaka nimezeeka. Siwezi kukaa ndani ya nyumba iko na chakula niangalie mtoto wangu akikufa njaa."

Ulisema mtoto wangu. Hukusema mke wa mwanangu. Sijui kama ulisikia ulichosema, ila mimi nilisikia.

Ukauma. Ukafumba macho, ukatafuna polepole, ukameza. Kisha ukafungua jicho moja.

"Kumbe!"

"Kumbe nini, Mayi?"

"Kumbe ndio maana hawa wanaume wamenyamaza miaka hii yote!"

Tulicheka, Mayi. Tulicheka tukaangukiana pale kitandani, Rongai akapiga kelele chini yetu, nawe ukaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka yai. Sikuwa nimecheka tangu mimba ya kwanza itoke.

Asubuhi nilifungua macho nikakukuta umeketi kwenye mkeka wako. Ulivua kitambaa, ukapitisha mkono kichwani mbele, ukapitisha nyuma, bila haraka, kama mtu anayekagua shamba. "Nywele ziko," ukasema. "Kula." Rongai alikuwa amekwisha taga la pili. Nilikula nikiwa nimekushika mkono. Nilingoja litoke, halikutoka. Lilikaa.

Baada ya hapo ukanitengenezea ile ratiba yako. Watu wengine huandika ubaoni, wewe ulifunga kamba juu ya jiko, kutoka msumari hadi msumari, ukaning'iniza siku za juma: ganda la maharagwe, mkia wa samaki mkavu, jani la kunde, gunzi la mahindi, na kadhalika, kila siku na kitu chake, na ganda la yai katikati, kwa sababu yai lilikuwa la kila siku. Kulipokucha ulihamisha uzi mwekundu, ukaufunga kwenye kitu cha siku hiyo. Sikuwa na la kuuliza, niliinua macho tu nikajua leo naishi na nani. Na kile chakula nilichokataa ulikitoa kwenye kamba bila ugomvi, ukatafuta kingine. Ulinijaribishia ini mara mbili, ukaona uso wangu, ukasema ini likae huko buchani lilikotoka.

Kilichonishangaza ni Jumapili. Pale ulitundika ukoko wa mkate. Nikakuuliza mbona, si mkate ndio uliniharibu? Ukasema, "Mkate haujakukosea. Ulikuwa unauweka ufanye kazi ya vyakula vyote. Kunywa chai yako Jumapili ufurahi." Basi nikala mkate wangu bila kujificha, na ajabu ni kwamba siku nyingine sikuutamani tena.

Wafula alikuwa akiuliza mbona Rongai hatagi. "Kuku wa safari anachelewa," ukamwambia bila hata kupepesa macho. Mpaka jioni aliponyoosha mkono juu ya jiko kuchukua taa, ganda likamgusa paji la uso.

"Mayi, hii ni ya nini?"

"Ni ya mtoto wako."

Alisimama na taa mkononi. Alinitazama, akatazama mashavu yangu, nadhani mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Mwisho wa juma akaja na kofia yake ya kazi mkononi badala ya kichwani, na ndani yake mayai amenunua kwa wale akina mama wanaouza stesheni. Akayaweka mezani, akatoka nje haraka kuvuta sigara. Ukaniambia huyo ndiye mtoto uliyemzaa, sasa umemtambua.

Halafu Nekesa akazaliwa wakati wa mavuno, mzito, sauti ya kuamsha wodi nzima, na kipara. Mayi, kipara! Hata unywele mmoja wa kusingizia hakuwa nao. Mimi niliogopa kukutazama. Wewe ulimgeuza huku na huku, ukaanza kucheka, ukacheka hadi muuguzi akakutishia kukutoa nje. "Wacha azaliwe bila nywele," ukasema. "Amezaliwa." Ukanunua uzi wa manjano, ukamfumia kofia. Tulipompeleka nyumbani Bungoma akina mama wakauliza mbona mtoto havuliwi kofia na jua kali namna hii.

"Nakuru kuna baridi," ukawaambia.

"Lakini hapa si Nakuru."

"Baridi ya kule inamfuata mtu."

Nywele zilipoota ziliota kwa hasira. Hivi juzi amevunja kitana cha pili.

Sasa nikuambie ya siku hizi. Tulipokuzika mwaka jana nilirudi nikaiteremsha ile kamba. Ilikuwa imejaa masizi, na sikuweza kuitazama kila nikipika. Nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Sikugundua mara moja kilichofuata. Chai asubuhi, chai mchana, mkate. Wafula na Nekesa nawapikia, mimi nasema nimekwisha onja jikoni. Na Mayi, nina mimba tena. Muuguzi mwingine amenifunua kope, akatikisa kichwa vilevile.

Nilikuwa nimechoka kuogopa na bado niliogopa. Si mambo ya wazee tena, hofu hiyo uliniondolea. Ni kwamba chakula kilinikumbusha wewe, na kila kijiko kilikuwa matanga upya.

Jana asubuhi nikachemsha yai, nikalimenya, nikaketi nalo. Likapoa. Nekesa alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Akaja, akalichukua kutoka sahanini, akauma nusu nzima. Akafumba macho. Akatafuna polepole, shavu limemvimba, nami nikashika meza, kwa sababu nilijua uso ule.

Alipomeza alipitisha mkono kichwani, mbele, halafu nyuma, akikagua vizuri.

"Nywele ziko, Mama," akasema. "Kula."

Nilimuuliza nani alimfundisha. Akaniambia ulimsimulia hadithi hiyo kila ulipomsuka, na kwamba ulimwachia kazi: akiona mtu anaogopa chakula, aonje yeye kwanza. Mwizi wewe! Ulikwenda zako na ukaacha mtu wa zamu.

Nikala nusu iliyobaki. Lilikaa.

Leo tumetundika kamba upya, mimi na yeye. Ni ratiba yangu sasa, nimebadilisha mengi. Nimeweka mbegu za maboga, nimeondoa mkia wa samaki kwa kuwa paka wa jirani anauruka. Ukoko wa Jumapili nimeuacha palepale. Nekesa ndiye anayehamisha uzi mwekundu, na kwa ajili hiyo anakitaka kigoda chako karibu na jiko. Ananisubiri niinuke nimpe, apande juu yake.

Pumzika kwa amani, Mayi Nanjala. Hapa tunakula.

Mimi mtoto wako,
Mama Nekesa