Gari Iliona Mtoto, Mimi Sikuona

Jumanne, jioni

...hii gari ya Japani ikashika breki yenyewe. Mguu yangu haikusonga. Hapo Sop Sop, kijiji kando ya barabara, mtoto alitoka nyuma ya ng'ombe. Gari ilimuona. Mimi hapana.

Bosi ninayemwendesha alikuwa kiti ya nyuma kwa simu, hakuona mtoto. Soda ikamwagikia suti yake. "We kijana, nani anaendesha, wewe ama huyu Mjapani?"

Kweli, asubuhi gari ilisimama hivyo hivyo juu ya mahindi yameanikwa kwa lami, na trela ya nyuma nusura itugonge. Sasa bosi anataka fundi azime hiyo breki ya kujishika.

Nilitaka kumwambia kuhusu mtoto. Nikapangusa soda kwa suti yake tu. Naogopa macho yangu, siku hizi hayaoni vizuri, na akijua nitakosa kazi.

Sasa naipeleka gari breki izimwe. Fundi anakaribia kufunga, na kesho tunapita Sop Sop tena.