Dada, Nilikuficha Mbele ya Wakwe

Dada yangu Halima,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala. Ningekuja makaburini nikuambie kwa mdomo, lakini mdomo ndio umeniponza. Nimechukua kalamu, na unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la sita.

Unakumbuka mkebe wa nyirinyiri uliokuwa unanifungia nikipanda lori kwenda Merti? Nyama iliyokaushwa vipande vidogo, samli imeganda juu. Kabla ya kufunga kifuniko tuliikwangua na chapati sisi wawili, mama akigomba. Nilikuwa nasema ulafi wangu ni damu ya babu, askari aliyemaliza mbuzi mzima kabla ya gwaride. Ukaniuliza, "Na gwaride alikimbia saa ngapi?"

Sasa sikia. Juzi watu wa Merti walikuja kumposa Sahra wako. Baba yake hayuko, basi mimi abti wake, mjomba, ndiye nilisimama kueleza ukoo. Nilianza vizuri. Niliwaambia vile nilikula nundu ya ngamia peke yangu kule Biliqo, simba akaja, akaniangalia, akaenda kutafuta chakula mahali pengine. Wazee wakacheka. Ndipo baba ya kijana, mzee mkavu mrefu kama nguzo ya stima, akauliza, "Tumesikia mama ya msichana alikuwa na sukari. Hiyo iko kwa damu yenu?"

Halima, nilisema hapana. Nilisema uliuawa na malaria. Nikaongeza kwamba damu yetu haijui dawa.

Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Pazia likafunguka, Sahra akatoka.

"Abti, mama alikufa na sukari. Mimi ndiye nilikuwa namfunga kile kidonda cha mguu."

Unajua anafundisha baiolojia, basi aliongea na wazee kama wanafunzi wake. Alisema kuna kitu kinaitwa jeni, tunarithi kwa wazazi, na kuna aina moja ya kawaida sana inayosukuma njaa kidogo na kuongeza mafuta mwilini. Mafuta yakizidi yanakaribisha sukari.

"Kwa hivyo wewe unayo?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee. Hata wewe hujui kama unayo. Ni ya watu wengi. Wako wenye nayo wanazeeka wazima, na wasio nayo wanaugua. Si hukumu. Mimi napimwa, natembea, chai nakunywa bila sukari."

Mzee akaangalia kikombe chake. Sukari ilikuwa imelala chini kama mchanga wa mto Ewaso.

"Kama ni hivyo," akasema, "hakuna nyumba popote ya kuoa."

Wakaenda zao. Jana wakatuma jibu: msichana wanamtaka, ila siku ya nikaha ukoo uelezwe na mtu mwingine.

Nimejiuliza kwa nini nilisema malaria. Malaria ni ya mbu, haina lawama. Sukari niliiona kama mwizi katika familia, wa kufichwa wageni wakija. Wewe uliyejidunga sindano miaka yote ukituchekesha, nilikufanya kitu cha kufichwa. Tena nilikuwa najificha mwenyewe, maana siku hizi kiu yangu inaweza kukausha kisima cha Korbesa. Sahra ameiona. Kesho ananipeleka kupimwa. Nilimwambia hakuna sindano inaweza kutoboa ngozi hii. Hakucheka.

Kuhusu nikaha, alikataa mtu mwingine. Aliwatumia wakwe neno: "Atasimama abti wangu. Lakini ataanza kwa kusema mama alikufa na nini."

Basi Ijumaa nitasimama mbele ya wale wale. Nitasema Halima dada yangu aliugua sukari, ikamuua, na huyu ni binti yake. Nimejaribu kuisema hapa peke yangu, na kila mara nikifika kwa jina lako sauti inakataa kuendelea.

Niombee nifike mwisho wa sentensi.

Ndugu yako mdogo,
abti wa Sahra