Vitambaa vya Victoria

Kigoma, Jumapili

Mjukuu wangu Koleta,

Marahaba. Nimefurahi kusikia tangawizi yako huko Mhezi imestawi.

Umeniandikia kuwa ute wa ukeni umegeuka kijani, unanuka, na tumbo la chini linauma. Shangazi yako anasema, "Umerogwa wewe, jisafishe ndani kwa majani." Dada yangu Victoria aliugua vivyo hivyo, naye akaambiwa maneno hayohayo. Alificha vitambaa vyake nyuma ya ghala la hapo kwenu, akafa kimya akiwa na miaka ishirini.

Vitambaa vilivyolowa ulivyoniandikia kuwa unavikuta hapo asubuhi za ukungu ni vyake. Ni miaka hamsini tangu nihame huko, na hata huku Kigoma navikuta kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo.

Majani usiyaguse. Huo ni ugonjwa unaotibika. Nenda zahanati leo, umweleze muuguzi yote. Kisha anika nguo zako za ndani juani, usizifiche. Labda Victoria naye ataacha kufua vitambaa vyake.

Bibi yako,
Eliwaza